Maswali na Majibu ya Mafundi: Antena Moja ya Gari, Bendi Nyingi

Barua za safari hii zinatoka kwa waendeshaji wa redio ya ridhaa wanaotaka kuongea kwenye mawimbi mafupi wakiwa garini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: namna ya kuifanya fimbo moja ihudumie bendi kadhaa. Tumezijibu kwa urefu tofauti, kwa kuwa mengine yanahitaji vipimo na mengine yanamalizika kwa sentensi chache.

Nina Hilux yenye fimbo ya bendi ya mita 40 kwenye bampa ya nyuma. Redio yangu ni ya wati 100. Nataka mita 20, 15 na 10 pia, lakini sina nafasi wala fedha ya antena nne. Je, niikate fimbo hii au niiongeze kitu?
*Msomaji, Dodoma*

Usiikate. Kama ni ile iliyosukwa waya kuanzia chini hadi juu ndani ya plastiki, haina mahali pa kuichokonoa. Iache iwe akiba. Tengeneza fimbo nyingine yenye koili moja katikati na vituo, yaani mahali pa kuchomeka waya, juu ya koili hiyo.

Robo ya wimbi kwenye megahezi 7.1, masafa ya bendi ya mita 40, ni kama mita 10, urefu ambao gari haliwezi kuubeba. Fimbo ya mita 2.4 ni fupi mno kwa bendi hiyo, na fimbo fupi hutenda kama kapasita ndogo. Koili huwekwa ili kuufuta ukapasita huo. Kadiri masafa yanavyopanda, fimbo ileile inaelekea urefu wake halali, na koili inayohitajika inapungua. Kwa fimbo ya mita 2.4 yenye koili katikati, bendi ya mita 40 inataka koili ya maikrohenri (kipimo cha ukubwa wa koili) 40 hivi, mita 30 inataka 19, mita 20 inataka 8.6, mita 17 inataka 4.5, na mita 15 inataka 2.5. Bendi ya mita 10 haitaki koili kabisa, kwa sababu mita 2.5 ndiyo robo yake ya wimbi. Kwa hiyo koili ya mita 40 ina ndani yake koili za bendi zote za juu. Kazi yako ni kuziba mizunguko isiyohitajika kwa waya mfupi wa kuhamisha. Waaustralia wamesafiri nyikani kwa njia hii miaka mingi: antena zao za Outbacker zina waya wa namna hiyo, unaochomolewa tundu moja na kuchomekwa jingine.

Vifaa vyote vinapatikana mjini. Nunua bomba la PPR la kipenyo cha nje cha mm 50, urefu wa sm 20, pamoja na vifuniko vyake viwili. PPR ni polipropilini, nayo hupoteza nguvu kidogo kuliko PVC. Bomba jeusi la aina yoyote liepuke, kwa maana rangi ile mara nyingi ni masizi ya kaboni, na kaboni ndani ya koili inakula nguvu. Waya chukua kwa mafundi wa kusuka mota: waya wa kopa wenye vanishi, unene wa mm 1.5 au geji 16, mita 9. Wao huuza kwa uzito, hivyo omba gramu 170 upate na ziada. Nunua mshipi wa kuvulia wa mm 1, urefu uleule. Nguzo ya chini iwe bomba la alumini au la chuma cha pua, urefu wa mita 1.2. Ncha ya juu iwe fimbo ya chuma cha pua ya mm 3, ile ambayo wachomeleaji wa TIG wanaitumia kujazia. Hizo huuzwa kwa urefu wa mita moja, kwa hiyo utaiunga na kipande cha bomba la shaba chenye skrubu mbili za kubana, na hapohapo ndipo utakapokuwa ukirefusha na kufupisha. Ongeza boliti mbili za shaba za M8 na vipachiko bapa vya mm 6.3 vya fundi umeme wa magari.

Toboa vifuniko katikati, pitisha boliti, kisha fundi bomba akuchomee vifuniko kwa pasi yake ya PPR. Funga waya na mshipi kwa pamoja, sambamba, ukizungusha mizunguko 50. Mshipi unaacha nafasi ya mm 1 kati ya mzunguko na mzunguko, na koili inakuwa na urefu wa sm 12.5. Usiusuke waya ukiwa umebanana ili kuokoa nafasi. Waya zilizogusana zinasukumana mkondo upande mmoja wa waya, upinzani unapanda, na koili inapata joto badala ya antena kurusha. Mshipi unaweza kuuacha palepale. Miisho miwili ya waya ikaze kwenye boliti, mmoja juu na mmoja chini.

Sasa sugua vanishi kwa msasa laini kwenye mistari minne inayoshuka urefu wa koili, kila mmoja robo ya mzunguko kutoka kwa mwenzake. Sababu ya mistari minne utaiona utakapofika bendi ya mita 20.

Kupima kuna mpangilio wake, na wengi wanakosea hapa. Anza juu, si chini. Ziba koili yote kwa waya mfupi kutoka boliti ya chini hadi ya juu, kisha rekebisha ncha mpaka antena iitike (ipokee nguvu ya redio vizuri kuliko kwingine) kwenye megahezi 28.4. Ikaze ncha hapo. Ondoa kiziba, na sasa tafuta kituo cha mita 40: weka mguu mmoja wa waya kwenye boliti ya chini, mwingine uuguse kwenye mizunguko ya chini, mmoja baada ya mwingine, mpaka SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 maana yake hakuna inayorudi) iwe ya chini kabisa kwenye 7.1. Utakuta mizunguko 46 hivi ndiyo inayofanya kazi, na ile minne ya chini imezibwa. Kisha tafuta mita 30 karibu na mizunguko 25 ikihesabiwa kutoka juu, mita 20 karibu na 14, mita 17 karibu na 9, mita 15 karibu na 6. Mizunguko iliyozibwa inapunguza kidogo nguvu ya ile inayofanya kazi, kwa hiyo usishangae ukihitaji mmoja zaidi ya hesabu. Gari lako nalo lina umbo lake; namba hizi ni mahali pa kuanzia kutafuta.

Kwenye mita 40 mzunguko mmoja unahamisha antena kwa kilohezi 90 hivi. Kwenye mita 20 mzunguko mmoja ni kama nusu megahezi, ilhali bendi nzima ni kilohezi 350. Ndiyo maana ya mistari minne: unasogea kwa robo ya mzunguko. Kwenye mita 15 mzunguko mmoja unakaribia megahezi nzima.

Kila kituo ukishakipata, chomea kipachiko bapa kwa risasi, kikisimama wima. Vipachiko vya vituo vilivyo jirani vipishane kuzunguka bomba ili visigusane. Angalia sana risasi isivuke kwenda mzunguko wa pili. Mzunguko mmoja uliojifunga peke yake ni kama transfoma iliyopigwa shoti: koili inapoteza ubora, antena inahama, na pale pachomapo moto panaweza kulainisha bomba. Mwishowe paka vanishi ya poliyurethani, tabaka jembamba. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie, kwani asidi yake inakula kopa.

Tumia analaiza ndogo kama NanoVNA ukiweza. Ukiwa na mita ya SWR peke yake, pima kwa wati 5 au 10, na kila unapogusa koili hakikisha hakuna mtu mwenye maiki mkononi.

Nyumbani waya wangu wa mita 40 unafanya kazi pia kwenye mita 15 bila marekebisho. Kwa nini fimbo yangu ya gari ya mita 40 inakataa? Nikiiwasha tyuna ya ndani ya redio (kifaa cha kulinganisha redio na antena), inajaribu, inakwama.
*Msomaji, Mombasa*

Waya wa nyumbani ni mrefu kwa uhalisi wake. Megahezi 21 ni mara tatu ya 7, kwa hiyo waya wa nusu wimbi kwenye 7 unakuwa wa nusu tatu kwenye 21, na katikati yake pana mkondo mkubwa kama kawaida. Fimbo ya gari si ndefu. Imedanganywa na koili. Koili ikipandishwa masafa mara tatu, kizuizi chake (namna inavyokinza mkondo wa masafa) nacho kinapanda mara tatu. Ile ya omu 1,800 inakuwa ya zaidi ya omu 5,000, na inaitenga sehemu ya juu ya fimbo na ya chini. Fimbo itaitika mahali pengine kabisa, na mahali hapo hapana uhusiano wa mara tatu.

Tyuna za ndani za redio nyingi zinamudu antena ya kati ya omu 17 na 150 hivi, yaani SWR isiyozidi 3. Fimbo ya mita 40 kwenye 21 iko mbali mno na hapo. Tyuna ya nje iliyofungwa chini kabisa ya fimbo inaweza kuifikia, lakini kumbuka tyuna haibadilishi fimbo. Inairidhisha redio tu. Kituo kwenye koili kinaibadilisha antena yenyewe, na ndiyo njia tunayoipendelea.

Nina antena ya sumaku juu ya paa la Noah, nimeibadilisha kwa kuongeza koili yenye vituo kama mnavyoshauri. SWR kwenye mita 40 ni 1.1 bila kitu chochote cha kuilinganisha antena na redio. Mbona hakuna anayenisikia zaidi ya jirani?
*Msomaji, Arusha*

Hiyo 1.1 ndiyo dalili ya ugonjwa. Tuipige hesabu.

Fimbo ya mita 2.4 yenye koili katikati, kwenye megahezi 7.1, ina ukinzani wa urushaji wa omu 3 hivi. Hizo omu 3 ndizo pekee zinazogeuza umeme kuwa mawimbi. Koili nzuri, ambayo kizuizi chake ni mara 200 ya upinzani wake, inaongeza omu 9. Athi (bodi inayorudisha mkondo) ya gari lililounganishwa vizuri inaongeza kama omu 10. Jumla ni 22, ilhali redio na kebo zinataka 50; na 50 ukigawa kwa 22 unapata SWR ya 2.3. Yaani antena nzuri ya gari kwenye mita 40, isiyo na kilinganishi, haipaswi kusoma 1.1. Ikisoma 1.1 maana yake jumla ni omu 45 au zaidi, na zile 23 za ziada ni joto. Katika antena yenye jumla ya 22, wati 14 kati ya 100 zinatoka hewani. Katika yako, hazifiki 7.

Mhusika mkuu hapo ni sumaku. Kwenye bendi za juu, sahani ya sumaku inashikana na paa kwa ukapasita kupitia rangi, na inatosha. Kwenye megahezi 7.1, hata kama ukapasita huo ni pikofaradi 100, kizuizi chake ni zaidi ya omu 220, na kiko upande wa athi. Mkondo unatafuta njia nyingine, nayo ni ngozi ya nje ya kebo yako. Ushahidi: shika kebo karibu na redio, uone kama SWR inacheza. Ikicheza, kebo imekuwa sehemu ya antena.

Iondoe sumaku. Tafuta mahali pa kufunga kwa boliti kwenye chuma cha bodi: fremu ya bampa, ukingo wa mlango wa nyuma, au keria iliyofungwa kwa boliti kwenye bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, halafu paka grisi juu ili kutu isirudi. Kisha unganisha vipande vya gari kimoja kwa kingine kwa mikanda bapa ya kopa iliyosukwa, yenye upana wa mm 10 au zaidi na mifupi iwezekanavyo: boneti na bodi, milango ya nyuma na bodi, fremu na bodi, na bomba la ekzosi na fremu kwenye sehemu mbili tatu. Ekzosi inaning'inia kwenye mipira, kwa hiyo kwa umeme haijaungwa na chochote isipokuwa injini, na urefu wake unaifanya iwe antena ya kelele za plagi. Waya wa mviringo hautoshi kwa kazi hii. Masafa ya juu yanapita juu ya ngozi ya chuma, na ukanda una ngozi nyingi.

Kazi hii itaipandisha SWR yako, labda mpaka 2 na kitu. Furahia, kisha ilinganishe. Chini kabisa ya fimbo, kati ya nguzo na bodi, funga koili ndogo ya mizunguko 9 ya waya wa mm 1.5 uliosukwa juu ya kitu cha mm 25, imevutwa kufikia urefu wa sm 3. Hiyo ni maikrohenri 1.2 hivi. Fupisha ncha ya juu kidogo ili antena iitike juu kidogo ya masafa unayotaka, kisha vuta au bana mizunguko ya koili ndogo mpaka SWR ishuke. Ukifanya zamu mbili tatu, ncha kisha koili, utafika chini ya 1.5. Kwenye mita 20 koili hii inatakiwa kuwa kama nusu yake, kwa hiyo wekea nayo kituo katikati. Ina faida nyingine: umeme tuli wa vumbi na upepo mkavu unateremka kwenye bodi badala ya kuingia redioni.

Kwenye kebo, karibu na antena, valisha vipande vya feraiti vya aina ya 31, vitano au zaidi, au pitisha kebo mara kadhaa ndani ya pete kubwa ya aina hiyohiyo, ili kuuzuia mkondo wa ngozi ya nje ya kebo.

Nimeandaa antena yenye vituo. Nikihama kutoka mita 20 kwenda mita 40, kwa wati 100 nasikia mlio wa kukaanga, na plastiki karibu na juu ya koili imeungua. Joto la hapa ni kali, je, ndilo chanzo?
*Msomaji, Muscat*

Joto la Oman linalainisha plastiki, lakini halianzishi cheche. Chanzo ni volteji. Wati 100 kwenye antena ya jumla ya omu 22 ni mkondo wa ampea 2.1. Mkondo huo ukipita kwenye koili yenye kizuizi cha omu 1,800, kati ya chini na juu ya koili panasimama volti 3,800 hivi, na kilele chake ni zaidi ya volti 5,000. Kwenye mita 20 koili inayotumika ni ya omu 770 hivi, ndiyo sababu huko kuko kimya.

Bila shaka umefunga waya wa kuhamisha kwenye boliti ya juu, na ukiwa mita 40 unauacha unaning'inia. Ncha yake inabeba volteji yote hiyo, na inatafuta mzunguko wa chini wa kurukia. Uhamishie kwenye boliti ya chini. Huko volteji ni ndogo, na mizunguko inayozibwa inakuwa ya chini, ile ya juu ikibaki kazini. Kipachiko chenye ncha kali karibu na juu kipige tupa kiwe duara, kwa sababu ncha kali ndiyo inayotoa cheche kwanza. Plastiki iliyokwisha kuungua imegeuka kaboni na inapitisha umeme. Ukiipaka vanishi juu yake itaungua tena. Kata kipande hicho, au suka koili upya.

Wengine wanauliza kama mizunguko isiyotumika inaweza kuachwa wazi badala ya kuzibwa. Isiachwe. Ikiwa wazi inakuwa upande wa pili wa transfoma, inapandisha volteji mwishoni mwake na inaweza kuitika kwenye masafa yake yenyewe, hata kukufyonzea nguvu kwenye bendi unayoitumia. Ziba.

Chumvi ya bahari na vumbi juu ya koili nazo zinapitisha umeme kidogo, hasa asubuhi penye umande. Futa koili kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi kila wiki kama unaendesha kandokando ya pwani. Na ikinyesha, antena itashuka masafa mpaka ikauke. Hilo ni la kawaida.

Badala ya kushuka garini na kuhamisha waya, je, naweza kufunga koili tatu za bendi tatu juu ya nguzo moja, zote zikiwa kazini kwa pamoja?
*Msomaji, Kampala*

Unaweza. Hustler wa Marekani wanauza nguzo ya mita 1.37 na kishikio cha kubeba vichwa vitatu, kila kimoja kikiwa na koili na ncha yake. Mkondo unajichagulia njia: kichwa kinachoitika kwenye masafa yale ndicho chenye kizuizi kidogo, na vingine vinabaki kama matawi yasiyo na kazi.

Tatizo ni kwamba vinasikizana. Ukigusa kimoja, vingine vinahama. Anza na bendi ya chini, kwa mfano mita 40, kisha mita 20, kisha mita 10, halafu rudia mzunguko mzima mara mbili. Ncha zao zitawanye, zisikaribiane kwa chini ya sm 30.  Nguzo ibebe uzito huo kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, kwa hiyo funga mshipi mnene wa nailoni kutoka chini ya vichwa hadi kwenye keria. Upepo kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa unapinda kila kitu, na ncha zikipinda SWR inacheza.

Kwa gari linalosimama na kuongea, tungechagua koili yenye vituo. Kwa dereva asiyetaka kushuka, vichwa vitatu vinafaa, au zile antena zenye mota inayosogeza koili ndani ya nguzo, ambazo za kwanza zilitumia mota ya bisibisi ya umeme na zinaitwa hivyo mpaka leo.

Kwenye bendi ya mita 40 nikisogea kilohezi 50 tu, SWR inapanda. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Bukoba*

Hujakosea. Antena fupi yenye hasara ndogo ni nyembamba: kwenye mita 40 utapata upana wa kilohezi 60 hivi kabla SWR haijapita 2, na bendi yetu katika Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) ni kuanzia 7.000 hadi 7.200. Antena inayokuruhusu kuzunguka bendi nzima bila kugusa kitu inapoteza nguvu mahali fulani.

Sogeza ncha. Sentimita moja ni kama kilohezi 25 hadi 30. Weka alama tatu kwa tupa kwenye fimbo ya juu, moja ya 7.050, moja ya 7.100, moja ya 7.150, na usogezaji utakuwa wa sekunde chache. Bendi ya mita 10 haitaumia: sentimita moja kule ni kama kilohezi 110, na bendi hiyo ina megahezi 1.7.

Ukitaka upana zaidi bila hasara, ongeza kofia: waya nne za chuma cha pua za sm 25 zikitawanyika kama njiti za mwavuli. Izungushie duara ya waya, na ifunge karibu na kilele cha ncha. Ukapasita unapanda, koili inapungua, upotevu unapungua. Kofia isikae juu tu ya koili; iwe juu yake kwa sm 30 au zaidi, la sivyo inaiharibia ubora. Vituo vyote vitahama, kwa hiyo iamue kofia kabla ya kuchomea vipachiko.

Je, mtego (koili na kapasita zinazozuia masafa ya bendi moja) wa mita 20 ndani ya fimbo ya mita 40 hauwezi kubadilisha bendi wenyewe bila waya?
*Msomaji, Bujumbura*

Unawezekana: koili ya maikrohenri 2.7 na kapasita ya pikofaradi 47 zinaitika kwenye 14.1, zinaitenga sehemu ya juu kwenye mita 20, na kwenye mita 40 mtego unakuwa sehemu ya koili. Lakini kapasita hiyo lazima ivumilie volti 5,000 na mkondo wa kweli, nayo ni adimu na ghali. Kapasita ya kawaida ya televisheni itapasuka siku ya kwanza. Na chini ya mtego bado utahitaji koili nyingine ya mita 20. Uzito wote huo kwenye fimbo inayotikisika haufai.

Mimi natumia bendi ya mita 2 tu, ila nataka ya sentimita 70 pia kwa antena ileile. Koili inahitajika?
*Msomaji, Nairobi*

Haihitajiki. Fimbo ya sm 49 katikati ya paa ni robo ya wimbi kwenye megahezi 145, na ni robo tatu ya wimbi kwenye eneo la juu kidogo ya mara tatu yake, hivyo SWR yake kwenye sentimita 70 huwa inakubalika. Sehemu kubwa ya mawimbi ya bendi ya juu itaelekea angani badala ya kwenda upeoni, na kwa ripita (kituo kinachopokea na kurusha tena) iliyo mlimani karibu nawe hilo halikusumbui. Kwa ripita ya mbali, nunua fimbo iliyotengenezwa kwa bendi mbili. Pima kwanza: ukiikata kwa milimita tano tano kutoka sm 52, utasimama penye SWR nzuri kwenye 145 kabla hujaharibu kitu.

Fimbo yangu ikiwa juu ya keria ya Land Cruiser, kilele kinafika wapi kisheria na kiusalama?
*Msomaji, Goma*

Kimo cha gari na leseni ya redio ni mambo ya nchi yako. Waulize wasimamizi wa barabara na wa mawasiliano wa huko kabla ya kusafiri. Kiusalama hesabu ni nyepesi: keria iko kama mita 2 kutoka chini, fimbo ni 2.4 na kishikio, jumla inapita mita 4.4. Nyaya za umeme zinazovuka barabara za mitaani na matawi ya miembe vinaweza kuwa chini ya hapo. Funga antena kwenye bampa, kilele kishuke mpaka mita 3 hivi, na uweke springi chini yake. Juu ya keria weka kishikio kinachokunjwa, na uikunje kila unapotoka barabara kuu. Usirushe ukiwa umesimama chini ya waya wa umeme, na mtu asishike fimbo wakati wa kurusha: juu ya koili kuna zile volti 3,800.